Inaingia, Lakini Haifai: Konekta za Faiba na LPO za Uvivu

Nimekuwa kimya hapa kwa muda, na wale mnaonijua mnajua kwamba nikinyamaza hivi huwa nimebanwa na kazi au nimekasirika. Safari hii ni yote mawili. Nilikuwa nimewaahidi makala ya pili kuhusu hifadhidata. Itangoja. Leo nataka kugombana na watu wanaonunua nyaya za faiba kama wanavyonunua kamba ya kuanikia nguo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima, huko Bonde la Ufa, ambacho mimi ndiye niliyekiandikia programu ya kaunta. Jina nitalihifadhi. Seva iko makao makuu mjini, na tawi liko kilomita kadhaa kutoka hapo, karibu na soko. Tawi linaifikia seva kupitia faiba ya kampuni moja ya intaneti, nayo jina nitalihifadhi. Miezi ya kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Kisha tawi likahama kutoka chumba cha chini hadi cha juu katika jengo lilelile. Fundi akaja, akaunganisha upya, taa ikawaka kijani, akaenda zake. Wiki hiyohiyo simu zikaanza.

"Kijana, programu yako imelala tena."

Meneja ni mama wa rika la mamangu, kwa hivyo sikumjibu kwamba programu hailali. Nikafungua kumbukumbu za seva. Nikaona maombi yanayokatika katikati, yanayorudiwa, yanayofika yakiwa yamechelewa. Kuna siku mambo yalikuwa mazuri kutwa nzima, na kuna siku mawasiliano yalikatika kila mtu akisogeza kiti cha kaunta. (Hiyo ya kiti niliambiwa na mlinzi, nami nikacheka. Nilipaswa kumsikiliza.)

Nikafanya kile ambacho mwanaprogramu yeyote hufanya: nikajilaumu. Nikaongeza muda wa kusubiri jibu, nikapunguza ukubwa wa ripoti, nikakesha nikiandika upya sehemu nzima ya mawasiliano. Wiki tatu, jamani! Na malipo yangu ya awamu ya pili yakazuiwa "hadi programu itulie".

Lakini aliyeumia zaidi si mimi. Mkulima analeta marejesho ya mkopo, shilingi 14,000. Keshia anabonyeza kitufe, mawasiliano yanakatika kabla ya jibu kurudi, tarakilishi inamwambia ajaribu tena, naye anajaribu tena. Kumbe ombi la kwanza lilishafika. Vitabu vinasema tawi limepokea 28,000, droo ina 14,000. Jioni dada wa watu anaambiwa pesa zimepungua na zitakatwa kwenye mshahara wake. Hapo kosa langu lipo na ninalikubali: programu ilipaswa kulitambua ombi lililorudiwa. Sasa inalitambua. Lakini kasoro ile ilikaa miezi bila kumgusa mtu, hadi kitu kingine kilipoiamsha.

Kitu hicho nilikipata siku niliyoazima kipima mwanga kutoka kwa rafiki na kupanda matatu kwenda tawini mwenyewe. Nikachomoa waya kwenye kisanduku cha faiba cha kaunta, nikapima. -27.6 dBm. Kwa mtandao wa GPON wa daraja la B+, ambalo hutumika sana, kifaa cha mteja kinatakiwa kusikia mwanga usiopungua -27. Tulikuwa chini ya mstari. Nikainama chini ya dawati na tochi ya simu. Tundu la ukutani lilikuwa la kijani. Konekta iliyokuwa imechomekwa humo ilikuwa ya buluu.

Nikanunua waya wenye ncha ya kijani, nikasafisha, nikachomeka. -22.9. Tofauti ya desibeli 4.7, yaani theluthi mbili ya mwanga ilikuwa inapotelea pale chini ya dawati, katika nafasi ambayo huwezi hata kupitisha karatasi. Tangu siku hiyo simu ya mama meneja haijaja, ila ile ya kuuliza kama nimefika salama.

Nilimpigia fundi. Kijana mpole, hakubisha sana. Alisema tu: "Lakini bosi, si iliingia?"

Iliingia. Na hapo ndipo ugonjwa wote ulipo.

Wacha nieleze kwa wale ambao hawajawahi kuishika. Konekta ya SC, ile ya mraba inayosukumwa na kulia "klik", ina kijiti cha kauri chenye kipenyo cha milimita 2.5, na katikati ya kijiti hicho kuna uzi wa kioo. Kwa faiba ya singomodi, kiini kinachobeba mwanga kina upana wa takriban maikromita 9. Konekta mbili zinapokutana ndani ya adapta, vioo viwili vinatakiwa vigusane uso kwa uso. Katika aina inayoitwa UPC, uso umesuguliwa ukawa na mbinuko mdogo sana, na ncha mbili zinabusiana katikati. Katika aina inayoitwa APC, uso umesuguliwa mshazari, kwa digrii 8, ili mwanga unaorudi nyuma utupwe pembeni badala ya kumrudia aliyeutuma. Buluu ni UPC, kijani ni APC. Sasa chukua ncha iliyonyooka uibane na ncha ya mshazari. Zitagusana ukingoni tu, na katikati panabaki pengo la hewa. Mwanga mwingine unapotea pale, mwingine unarudi ulikotoka, na ukiisukuma konekta kwa nguvu unaweza kukwaruza uso wa kioo cha mwenzake. Ukigusa waya, pengo linabadilika. Ukisogeza kiti, pengo linabadilika. Mlinzi alikuwa sahihi.

Kwa lugha yetu ya programu, hizi ni aina mbili tofauti za data zenye umbo moja, na kompaila haisemi kitu. Mwili wa SC ni uleule, kijiti ni kilekile, adapta inapokea zote mbili na "klik" inasikika vilevile. Rangi peke yake ndiyo inayokuonya. Nikiandika programu ambayo inamwacha mtumiaji aweke tarehe mahali pa kiasi cha fedha, kisha nijitetee kwamba kisanduku kilikuwa na rangi ya kijani, mtanifukuza kazi, na mtakuwa na haki.

Kwa hivyo lawama ya kwanza nawapa waliobuni. Lakini hiyo ni lawama ya kutema mate baharini. SC ilitoka kwa NTT ya Japani miaka ya 1980 na iko kwenye mamilioni ya kuta. Haitaondoka kwa sababu mtu mmoja Kenya amekasirika.

Kuna wanaosema basi tufute APC, tubaki na aina moja, yaishe. Nimeyasikia haya hata kwa watu wenye shahada. Hapana. Mshazari haukuwekwa kwa urembo. Katika mtandao ambapo uzi mmoja unagawanywa kwa nyumba 32 au 64, na hasa pale ambapo matangazo ya televisheni hupita kwenye mwanga wa nanomita 1550, mwanga unaorudi nyuma ni sumu. APC nzuri inautuliza hadi desibeli 60 chini na zaidi, UPC nzuri huishia karibu na 50. Kwa swichi mbili zilizo ndani ya chumba kimoja, UPC inatosha na ni rahisi. Kila moja ina mahali pake. Sina ugomvi na kuwepo kwa aina nyingi. Ugomvi wangu ni na mtu anayejua kwamba zipo nyingi na bado anaandika kwenye karatasi ya ununuzi: "Waya wa faiba, mita 3, vipande 20."

Nimeiona karatasi hiyo. Si ya chama changu peke yake. Nimeziona LPO za shule, za hospitali, za ofisi za kaunti. "Fibre cable" na urefu, basi. Hakuna aina ya konekta, hakuna aina ya usuguaji, hakuna kama ni singomodi au maltimodi. Ni kama kuandika "viatu, jozi 20" na kuwatuma mjini. Mwuzaji wa Luthuli Avenue si mchawi. Anaangalia alicho nacho kwa wingi, anaangalia bei iliyo kwenye LPO, anafunga mzigo. Mzigo unaingia stoo. Stoo inampa fundi. Fundi analipwa kwa idadi ya maunganisho anayomaliza kwa siku, hana kipima mwanga kwa sababu kampuni imenunua viwili kwa kikosi kizima, na mkononi ana waya wa buluu mbele ya tundu la kijani saa kumi na moja jioni. Mlitaka afanye nini? Arudi mjini kwa nauli yake?

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaomaliza hadithi hii kwa kusema "mafundi wetu hawajasoma". Wengine hawajasoma, kweli. Nimemwona mmoja akipangusa ncha ya kioo kwa upindo wa ovaroli, na chembe moja ya vumbi inatosha kufunika kiini cha maikromita 9. Lakini fundi ndiye mtu wa mwisho kwenye mnyororo, na ndiye wa bei rahisi zaidi kulaumiwa. Karatasi iliyoleta waya ule iliandikwa na mtu mwenye kiti kinachozunguka.

Na si kijani na buluu peke yake. Jengo moja ninalolihudumia jijini lilitandazwa nyaya za rangi ya machungwa zamani, maltimodi ya maikromita 62.5. Mwaka fulani mtu akaleta nyaya za njano, singomodi, zenye konekta za LC, kwa sababu LC ni LC. Zikaingia. Hesabu yake mtoto wa shule anaiweza: mwanga unaotoka kwenye kiini cha 9 kwenda kwenye kiini cha 62.5 unaingia bila shida, kama kijito kuingia ziwani. Unaotoka 62.5 kwenda 9 unapata mlango wenye eneo la takriban asilimia 2 ya pale ulipotoka. Ukiupima upande mmoja utasema kazi ni nzuri. Waliteseka nayo hadi mtu mmoja alipoacha kusoma taa na kuanza kusoma maandishi yaliyochapishwa kwenye ganda la waya.

Kuna pia moduli za pande mbili kwenye uzi mmoja, ambazo ni lazima ziwe dume na jike: moja itume kwa 1310 na kusikiliza 1550, nyingine kinyume chake. LPO ikisema "moduli, vipande 2", zitakuja mbili za aina moja na zitatazamana kama mabubu.

Sasa, hizo zote ni uvivu. Kuna moja ambayo si uvivu, ni makusudi, na nikiiacha nitakuwa sijasema ukweli wangu. Zile moduli za SFP zinazochomekwa kwenye swichi zilitokana na makubaliano ya watengenezaji wengi, mwaka 2000, ili moduli ya huyu iingie kwenye swichi ya yule. Ukubwa mmoja, pini zilezile, konekta ileile. Ndani kuna kumbukumbu ndogo inayojitambulisha, na kuanzia baiti ya 20 hadi ya 35 kuna herufi 16 za jina la mtengenezaji. Nia ilikuwa njema: ujue umenunua nini. Kisha baadhi ya watengenezaji wa swichi wakagundua kwamba wanaweza kuzisoma herufi hizo na kama si jina lao, tundu linazimwa. Mwanga ni sawa, glasi ni sawa, urefu wa wimbi ni sawa. Kilichokataa ni mstari mmoja wa programu unaolinganisha majina. Mimi huandika mistari kama hiyo kwa riziki, na nawaambia hakuna fizikia yoyote ndani yake. Wanasema ni kwa ajili ya ubora na msaada kwa mteja. Basi toeni onyo, muandike kwenye kumbukumbu kwamba moduli si yenu na hamtaisaidia, kisha muache tundu liwake. Katika baadhi ya swichi kuna hata amri iliyofichwa ya kuruhusu moduli za wengine, jambo linaloonyesha kwamba wao wenyewe wanajua inawezekana. Shule ya sekondari inayonunua swichi ya mtumba kwa michango ya wazazi haiwezi kulipa bei ya moduli mara nyingi zaidi kwa sababu ya herufi 16.

Lakini nirudi chini ya dawati, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakoumia.

Mwezi wa Julai 2009 SEACOM iliwashwa Mombasa, na mwaka huohuo TEAMS ikafika kutoka Fujairah, zaidi ya kilomita 4,000 chini ya bahari. Tulishangilia, mimi pia. Mwanga ule unavuka bahari salama kwa sababu kila kiungo cha njia ile kimeandikwa, kimepimwa na kuhifadhiwa na mtu anayejibu simu. Kisha unafika mita ya mwisho, unakuta hakuna aliyeandika kitu, na unafia mguuni pa kiti.

Ninachotaka si kikubwa. Anayeunganisha aache karatasi. Karatasi moja, iliyobandikwa ndani ya kisanduku: konekta ni ipi kila upande, faiba ni ya aina gani, na siku hiyo kipima mwanga kilisoma ngapi. Ikiwa -19 leo na -26 mwaka ujao, mteja ajue kuna kitu kimeharibika kabla hajamfokea keshia. Kampuni zitasema vipima mwanga ni ghali. Kipima cha kawaida cha mkononi hakifikii bei ya safari nne za fundi kurudia kazi ileile, na mafuta tunajua yalivyo. Mamlaka ya Mawasiliano inatoa leseni kwa makampuni haya na kuidhinisha vifaa. Basi karatasi hiyo iwe sharti la kukabidhi kazi, kama fundi wa umeme anavyotakiwa kujaza fomu kabla hujawashiwa stima. Hakuna anayesema fomu ya stima ni anasa.

Na wenzangu wa programu, msijione watakatifu. Tunapenda kusema "hiyo ni kazi ya watu wa mtandao". Mimi nilikaa wiki tatu nikitibu ugonjwa wa kioo kwa kuandika kodi, kwa sababu sikujua kuuliza swali moja: mwanga ni ngapi? Kifaa cha mteja chenyewe mara nyingi huonyesha kiasi hicho kwenye ukurasa wake wa usimamizi. Kingekuwa kimeniambia siku ya kwanza, kama ningeingia kukisoma. Sasa programu yangu ya ufuatiliaji inakisoma kila dakika tano na kukihifadhi kando ya makosa ya mawasiliano. Nitaweka maelezo ya jinsi ya kuifanya katika makala nyingine, baada ya ile ya hifadhidata. (Najua, najua.)

Yule keshia nilimwandikia meneja barua, kwa jina langu na sahihi yangu, nikaeleza mistari iliyorudiwa na saa ya kila moja. Mama akaipeleka kwa kamati. 14,000 zake zilirudishwa na mshahara wa mwezi uliofuata. Kampuni ya intaneti haijaandika neno.

Juma lililopita chama kinafungua tawi la tatu, na afisa wa ununuzi akaniletea LPO niipitie kwa upande wa tarakilishi. Ukurasa wa pili: "Waya wa faiba, mita 3, vipande 6." Nikaomba kalamu. Nikakata, nikaandika juu yake: singomodi, SC/APC kwa SC/UPC, mita 3, vipande 6, kijani upande wa ukuta, buluu upande wa kifaa. Nilikuwa nimeshapiga simu kuuliza modeli ya kifaa kitakacholetwa.

Akaisoma, akaniuliza kama bei itapanda.

Nikamwambia ni ileile. Akatia sahihi.